Ini la mume wangu limesinyaa na bandama imevimba: je, bandama itolewe?

SWALI

Daktari, salaam na heshima.

Naandika kwa niaba ya mume wangu, mwenye umri wa miaka 52, ambaye tunafahamu tangu zamani kwamba ana virusi vya homa ya ini aina ya B na kwamba ini lake limekwisha kupata makovu na kusinyaa. Kwa muda mrefu hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikwenda kazini, alikula vizuri, na sisi nyumbani tukaanza kuusahau ugonjwa. Alikuwa akimeza tenofoviri kila siku, lakini mwaka jana mtu alimwambia kwamba dawa hizo ndizo zinazoshusha damu yake. Akaziacha, na kwa kuwa hakuona mabadiliko yoyote mwilini, hakurudi kuzichukua.

Jambo linalotutisha sasa ni bandama. Kipimo cha ultrasaundi kimeonyesha kwamba imefikia urefu wa sentimita 17. Karatasi ya maabara inaonyesha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 46,000, chembechembe nyeupe 2,600 na hemoglobini 10.4, na kila namba imewekewa mshale unaoelekea chini. Akipiga mswaki, povu hutoka likiwa na rangi ya waridi, na kwenye mikono ana madoa ya bluu ambayo hakumbuki alijigonga wapi. Ana jino bovu la nyuma linalomnyima usingizi, lakini daktari wa meno alipoiona karatasi ile alikataa kuling'oa mpaka damu ipande, kwa hiyo anatuliza maumivu kwa vidonge vya diklofenaki anavyojinunulia mwenyewe.

Shemeji yangu, ambaye tunamheshimu kama mkubwa wa familia, anasema kwamba bandama inakula damu ya ndugu yake na lazima itolewe haraka. Daktari mmoja wa upasuaji amesema kwamba anaweza kuitoa. Daktari mwingine, wa magonjwa ya ndani, alisema tuiache ilivyo, lakini hakutueleza kwa nini, nasi tukatoka pale tukidhani kwamba amemkatia mgonjwa tamaa. Mama mkwe naye ameleta unga wa mizizi unaosemekana kusafisha bandama. Naomba unieleze kama bandama hii ndiyo adui wetu, kama itolewe au kuna dawa ya kuituliza, tufanye nini kuhusu jino, na kama mume wangu aendelee na kazi yake, ambayo ina kubeba mizigo mizito.

Ni mimi, mke mwenye wasiwasi.

JIBU

Dada yangu, kabla ya kufika kwenye bandama naomba niyaseme mambo matatu ambayo umeyataja kwa kupita, au hukuyataja kabisa, kwa sababu kwa maoni yangu yana haraka kuliko bandama yenyewe.

La kwanza ni tenofoviri. Dawa hiyo siyo iliyoshusha chembe sahani za mume wako, na aliyemshauri aiache amemweka katika hatari kubwa. Mtu mwenye virusi vya B anapoacha dawa, virusi vinaweza kuzaliana upya kwa kasi na kuliwasha ini kwa uvimbe mkali, na ini lililokwisha kusinyaa halina akiba ya kuhimili pigo la namna hiyo. Kutoona mabadiliko mwilini si ushahidi wa usalama, maana ini huweza kuumia kimyakimya kwa miezi kabla macho hayajageuka manjano. Mgonjwa aliyefikia hatua yake hutumia dawa ya virusi maisha yake yote. Nawasihi arudi kliniki wiki hii hii, apimwe wingi wa virusi, hali ya ini na kazi ya figo, na arudishiwe tenofoviri, au apewe entekaviri ikiwa figo zake hazitaruhusu. Na hili nalisema kwa moyo mweupe kabisa: dawa hiyo ndiyo tiba ya bandama iliyo karibu naye kuliko zote. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 96 wa virusi vya B waliokuwa na ini lililosinyaa, lakini lililokuwa bado linamudu kazi zake, walitumia tenofoviri kwa miaka mitano, na ilipokatwa nyama ndogo ya ini kwa ajili ya kupimwa tena, 71 kati yao walionekana makovu yamepungua kiasi kwamba hawakuhesabiwa tena kuwa na ini lililosinyaa. Siwezi kukuahidi kwamba mume wako atafika huko, lakini njia ya kufika huko ndiyo ile aliyoiacha.

La pili ni diklofenaki. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hulegeza kazi ya chembe sahani chache alizobaki nazo, huchubua tumbo, na kwa mtu mwenye ini lililosinyaa zinaweza kuziangusha figo katika siku chache. Aziache leo. Kwa maumivu ya jino atumie parasetamoli, kwa kipimo kisichozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 vilivyoachanishwa tangu asubuhi hadi usiku. Watu wengi wenye ugonjwa wa ini huiogopa parasetamoli na kukimbilia diklofenaki, wakati kwa kipimo hicho parasetamoli ndiyo iliyo salama zaidi kwao.

La tatu ni kipimo ambacho sikukiona popote katika barua yako, nacho ni endoskopia, ule mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kinywani ili kuangalia umio na tumbo la chakula. Sababu ya kukitaka itaeleweka nikikueleza bandama inavyovimba.

Damu inayotoka kwenye utumbo, tumbo la chakula, kongosho na bandama, ambayo wengine huiita wengu, hukusanyika katika mshipa mmoja mnene unaoitwa mshipa wa lango, nao huipeleka yote kwenye ini ili ichujwe. Ini likishajaa makovu huwa gumu, damu hupita kwa shida, na shinikizo hupanda katika mshipa huo na katika matawi yake yote, kama maji yanavyorudi nyuma katika mfereji ulioziba mbele. Bandama iko mwisho wa tawi mojawapo, kwa hiyo hujaa damu, hutanuka, na tishu zake hukua. Bandama ya mtu mzima kwa kawaida haizidi sentimita 12 au 13. Ya mume wako imefika 17.

Kazi ya kila siku ya bandama ni kuchuja damu, kuondoa chembechembe zilizozeeka na kuwa ghala la chembe sahani. Hata kwa mtu mwenye afya, karibu theluthi moja ya chembe sahani zote za mwili huwa zimo ndani yake wakati wowote. Bandama inapokuwa kubwa sana, ghala hilo linaweza kushikilia hadi asilimia 90, ndiyo maana sindano ya maabara, inayochota damu ya mkononi, hukuta chache. Kwa hiyo shemeji yako ana sehemu ya ukweli, kwa kuwa zipo chembechembe zinazoharibiwa humo kabla ya wakati wake, lakini nyingi hazikuliwa, bali zimezuiliwa. Tena ipo sababu nyingine ambayo haimo kabisa ndani ya bandama: homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe sahani, iitwayo thrombopoietini, hutengenezwa hasa na ini, na ini likichoka amri hiyo hudhoofika. Pombe na upungufu wa vitamini iitwayo folati navyo huubana uboho. Ukiitoa bandama leo, ini linabaki vile vile, na mara nyingi shinikizo katika mshipa wa lango hushuka tu bila kwisha.

Sasa turudi kwenye endoskopia. Damu iliyokosa njia ndani ya ini hutafuta vichochoro, na kimojawapo ni mishipa midogo ya sehemu ya chini ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba damu nyingi. Mishipa hiyo huvimba, kuta zake huwa nyembamba, na siku ikipasuka mgonjwa hutapika damu nyingi kwa ghafla. Ni muhimu uelewe kwamba inapasuka kwa sababu ya shinikizo, wala si kwa sababu chembe sahani ni 46,000. Mwenye chembe sahani 120,000 na mishipa minene iliyovimba yuko hatarini kuliko mwenye 46,000 na umio safi. Madaktari wa magonjwa ya ini waliofikia makubaliano ya Baveno VI mwaka 2015 waliitumia hesabu ya chembe sahani kwa njia hiyo hasa: aliye na zaidi ya 150,000, na ugumu wa ini wake ukiwa chini ya kilopaskali 20 kwa mashine ya kupima ugumu, anaweza kuepushwa endoskopia. Hesabu ya mume wako iko mbali sana chini ya hapo, na bandama yake ni kubwa, kwa hiyo namba ile inatuambia habari za shinikizo, na habari hizo zinahitaji kufanyiwa kazi.

Kazi hiyo hufanywa kwa dawa au kwa endoskopia yenyewe. Kavediloli na propranololi hupunguza damu inayomiminika kwenye mshipa wa lango na kushusha shinikizo lake, na tangu makubaliano ya Baveno VII ya mwaka 2021 madaktari wengi humwanzishia mgonjwa kavediloli mapema anapoonekana kuwa na shinikizo kubwa, hata kabla ya tukio lolote la kutoka damu. Mwenye pumu hazimfai, na mwenye presha iliyo chini sana au mapigo ya moyo ya polepole lazima aangaliwe kwa makini. Asiyeweza kuzitumia, na mishipa yake ikaonekana minene, hufungwa mishipa hiyo kwa vipete vya mpira wakati wa endoskopia, na zoezi hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa inywee. Dawa hizi hazitapandisha chembe sahani kwenye karatasi ya maabara, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa na kuziacha, ilhali zinamkinga mgonjwa na tukio ambalo lingeweza kumuua.

Kuhusu namba zenyewe, naelewa jinsi mishale ile inavyoumiza macho. Lakini mwili wa mwenye ugonjwa wa ini hujipanga upya. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu pamoja na zile za kuzuia isigande kupita kiasi, na linapochoka pande zote mbili hupungua kwa pamoja. Wakati huo huo protini nyingine inayozinatisha chembe sahani kwenye kidonda, inayotoka kwenye kuta za mishipa, huongezeka na kufidia sehemu ya upungufu. Ndiyo maana tunawaona watu wenye chembe sahani 40,000 wakiishi miaka bila kutokwa damu kwa hatari. Fizi kutoa damu kidogo na madoa ya bluu ni mambo ya kawaida katika kiwango chake, na mswaki laini husaidia. Chembechembe nyeupe 2,600 nazo peke yake mara nyingi hazileti maambukizi, kwa sababu nyingi zimejificha kwenye bandama na mwili unaweza kuziita. Ninachotaka kukijua ni idadi ya zile zinazopambana na bakteria, ziitwazo nyutrofili, ambayo inapaswa kuwepo kwenye karatasi hiyo hiyo. Hemoglobini ya 10.4 ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Msiisukumie bandama moja kwa moja, bali muombe apimwe madini ya chuma, folati, na damu iliyojificha kwenye choo, maana diklofenaki na mishipa ya umio vyote vinaweza kumfanya apoteze damu kidogo kidogo bila kuonekana.

Naongeza jambo ambalo daktari wake pengine amekwisha kulifikiria. Si kila bandama kubwa kwa mgonjwa wa ini imevimba kwa sababu ya ini. Kichocho cha tumbo, malaria ya kujirudia, ugonjwa wa kala-azar, saratani za damu na damu iliyoganda ndani ya mshipa wa bandama huweza kuleta picha inayofanana. Ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu ndani ya mishipa, pamoja na kuzitazama chembechembe kwenye hadubini, huondoa sehemu kubwa ya shaka hiyo. Tofauti hizi zina maana katika swali lako la upasuaji, kwani mtu ambaye tatizo lake lote ni mshipa wa bandama ulioziba, huku ini lake likiwa zima, hupona kwa kutolewa bandama. Na mwenye kichocho ambaye ini lake bado linafanya kazi vizuri huvumilia upasuaji huo kuliko mwenye ini lililosinyaa.

Kwa mume wako, nakubaliana na daktari wa magonjwa ya ndani, na nasikitika kwamba mlitoka kwake bila maelezo. Kuiacha bandama mahali pake si kumkatia mgonjwa tamaa. Kuitoa kwa mtu mwenye ini lililosinyaa kunapandisha chembe sahani haraka, hilo ni kweli, na upasuaji wa matundu madogo umepunguza maumivu na siku za kulala wodini. Lakini gharama yake kwa mwili ni kubwa. Kwanza, mishipa iliyovimba kuizunguka bandama huvuja damu kwa urahisi wakati wa upasuaji wenyewe. Pili, mshipa uliokuwa ukibeba damu ya bandama hubaki kama kisiki kisicho na mwendo, chembe sahani nazo zinapanda kwa kasi, na damu huweza kuganda ndani ya mshipa wa lango. Jambo hili hutokea mara nyingi kwa wagonjwa wa ini kuliko kwa wengine, na linaweza kuliharibu ini zaidi na kuwatatiza madaktari endapo siku moja atahitaji kupandikiziwa ini jingine. Tatu, asiye na bandama hupoteza kwa maisha yake yote mlinzi dhidi ya bakteria fulani, hasa nyumokokasi, na homa inayoanza asubuhi inaweza kuwa sumu ya damu inayomuua kabla ya siku ya pili. Anayeamua kutolewa bandama lazima apate chanjo za nyumokokasi, za homa ya uti wa mgongo na za bakteria aitwaye Hib, ikiwezekana angalau wiki mbili kabla ya upasuaji, na baada ya hapo kila homa ni ya kukimbilia hospitali. Malaria nayo humshika kwa ukali zaidi mtu asiye na bandama.

Ipo njia ya kati. Mwaka 1973 daktari aitwaye Maddison alieleza namna ya kuiziba mishipa ya bandama kutoka ndani, bila kupasua tumbo. Mpira mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa paja, husukumwa hadi kwenye mshipa wa bandama ukifuatwa kwa eksirei, kisha chembe ndogo hupulizwa ili kuzuia damu isifike sehemu fulani. Hapo mwanzo bandama nzima ilizibwa, na wagonjwa wakapata majipu na maambukizi mabaya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 huzibwa sehemu tu, kwa kawaida kati ya asilimia 50 na 70, huku mgonjwa akilindwa kwa viuavijasumu. Chembe sahani huanza kupanda ndani ya siku chache, hufika kileleni baada ya wiki mbili hivi, kisha hushuka kiasi na kutulia juu ya pale zilipoanzia. Karibu kila mgonjwa hupata homa na maumivu ya ubavu wa kushoto kwa siku kadhaa, na wachache hupata maji tumboni, maji upande wa kushoto wa mapafu, jipu, au damu kuganda kwenye mshipa wa lango. Hatari huongezeka kadiri sehemu iliyozibwa inavyozidi asilimia 70 na kadiri ini linavyokuwa dhaifu. Mwenye manjano, maji mengi tumboni au aliyeanza kuchanganyikiwa kwa ajili ya ini hastahili kufanyiwa. Mimi ningeifikiria njia hii kwa mgonjwa ambaye chembe sahani zake zinamzuia kupata tiba asiyoweza kuikosa, kwa mfano dawa za saratani, au ambaye bandama imekuwa kubwa kiasi cha kumuumiza na kumnyima nafasi ya kula. Kwa ajili ya kurekebisha namba tu, hapana.

Pengine mtakutana na mtu atakayewaambia kwamba ndugu yake aliyekuwa na homa ya ini C alitolewa au alizibwa bandama kabla ya matibabu. Huenda ni kweli. Zamani virusi vya C vilitibiwa kwa interferoni, ambayo yenyewe ilishusha chembe sahani, na aliyekuwa nazo chache alinyimwa dawa mpaka zipandishwe. Tangu vidonge vipya kama sofosbuviri viingie mwaka 2013, sababu hiyo imekwisha kwa sehemu kubwa, na haikuwahi kuwa sababu kwa virusi vya B vinavyotibiwa kwa tenofoviri.

Umeuliza kama kuna dawa ya kuituliza bandama. Vipo vidonge viwili, avatrombopagi na lusutrombopagi, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ambavyo haviigusi bandama bali huuamuru uboho utengeneze chembe sahani zaidi, vikifanya kazi ya ile homoni iliyopungua. Vimekusudiwa wagonjwa wa ini wenye chembe sahani pungufu ya 50,000 wanaosubiri upasuaji au kipimo kinachoweza kutoa damu. Avatrombopagi, kwa mfano, humezwa kwa siku tano, na kazi hufanywa kati ya siku ya tano na ya nane baada ya kidonge cha mwisho. Si dawa za kumeza mwaka mzima. Dawa nyingine ya jamii hiyo, eltrombopagi, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ini kabla ya upasuaji, na utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2012, ulisimamishwa mapema kwa sababu damu iliganda kwenye mishipa ya lango ya baadhi yao. Kuongezewa chembe sahani za mtu mwingine nako kupo, lakini faida yake ni ya muda mfupi, kwa sababu sehemu kubwa huingia kwenye ghala lile lile la bandama na hata zinazobaki huishi siku chache, kwa hiyo tunazitunza kwa ajili ya anayetoka damu au anayeingia kwenye upasuaji mkubwa.

Jino lisisubiri damu ipande, maana jino bovu ni chanzo cha maambukizi, na maambukizi ni adui wa kweli wa ini lililosinyaa. Kung'oa jino moja ni kazi yenye hatari ndogo ya kutoka damu, tena mahali ambapo daktari anaweza kufika na kubana kwa mkono wake. Mwongozo wa chama cha madaktari wa ini wa Ulaya wa mwaka 2022 haupendekezi kupandisha chembe sahani kama desturi kabla ya kazi za namna hiyo. Muombeni daktari wa ini amwandikie barua daktari wa meno, kazi ifanyike asubuhi, kwenye hospitali badala ya chumba kidogo kisicho na msaada, jino moja kwa wakati mmoja, kidonda kishonwe na kuwekewa sponji ya kugandisha damu, abane pamba kwa muda atakaoambiwa, kisha asukutue kwa asidi traneksamiki, dawa ya kuzuia damu isiendelee kutoka, ikiwa ipo. Kidonda kikiendelea kutoa damu usiku, mrudi hospitali usiku huo huo.

Ule unga wa mizizi, naomba mumshukuru mama mkwe kwa mapenzi yake, kisha muuweke pembeni. Bandama haina uchafu wa kusafishwa, na kila kinachomezwa hupita kwenye ini, ambalo kwa mume wako halina nguvu ya kupambana na mmea usiojulikana kipimo wala viambato vyake. Wapo wagonjwa wengi ambao ini lao lilianguka kabisa kwa sababu ya dawa za namna hiyo. Pombe nayo aiache moja kwa moja kama bado anaitumia.

Kuhusu kazi, bandama ya sentimita 17 imeshuka chini ya mbavu zinazoilinda, na pigo la tumbo linaweza kuipasua. Aepuke michezo ya kugongana, kupanda mahali anapoweza kuanguka, na mizigo inayomlazimu kukaza tumbo kwa nguvu. Kutembea na kazi nyepesi zinamfaa sana, maana misuli yake inahitaji kutunzwa. Ale kidogo kidogo mara nyingi, kwa kuwa bandama inalibana tumbo la chakula, na apate kitu cha kula kabla ya kulala. Kila baada ya miezi sita apimwe ini kwa ultrasaundi ili saratani, ikiwapo, ionekane ingali ndogo. Wewe na watoto wenu mpimwe virusi vya B kama bado, na ambaye hana virusi wala kinga achanjwe.

Mpelekeni hospitali bila kusubiri asubuhi akitapika damu au kitu kama mabaki ya kahawa, akipata choo cheusi kama lami, akishikwa na maumivu makali ya ghafla ubavu wa kushoto, akipata homa, tumbo likianza kujaa, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka na kulala mchana kutwa. Mkienda kumwona daktari wa upasuaji tena, nendeni na shemeji, na mumuulize mbele yake maswali haya: ini la mgonjwa liko daraja gani, A, B au C, katika kipimo cha Child-Pugh kinachoonyesha ini limedhoofika kiasi gani, mshipa wa lango uko wazi, endoskopia ilionyesha nini, na bandama ikitolewa, ni tatizo gani alilo nalo leo litakaloondoka. Akikosa jibu la hilo la mwisho zaidi ya kusema kwamba namba zitapanda, msiweke sahihi kwenye fomu ya upasuaji kabla ya daktari wa ini kuitazama.